Jicho Kwanza, Mfuko Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Vitu vya Kale na Kazi za Sanaa

Chukua bakuli la kaure lenye umri, ligeuze, utazame kitako chake. Ule ukingo usiopakwa rangi, uliobeba bakuli tanuruni na kisha juu ya meza za watu vizazi na vizazi, una mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, na ndani ya mikwaruzo kuna weusi uliozama usiotoka kwa maji wala sabuni. Uso wa bakuli ulichorwa ili upendwe. Kitako hakikutengenezwa kimpendeze mtu, na ndiyo sababu husema kweli.

Nimekusanya kwa miaka mingi, na ningetakiwa kumpa anayeanza neno moja tu, ningempa hilo: geuza. Geuza bakuli, chomoa droo yote itoke, tazama mgongo wa picha kabla ya uso wake. Wengi hudhani ukusanyaji ni mchezo wa matajiri. Fedha inasaidia, lakini haimfundishi mtu kuona, na asiyeona hununua kibovu kwa bei ya kizima. Ndiyo maana katika mwongozo huu kununua kumewekwa hatua ya sita.

Kuhusu jina lenyewe: forodha ya Marekani, kwa mfano, huhesabu kitu kuwa cha kale kikipita miaka 100, na wafanyabiashara wengi hufuata kipimo hicho. Wewe usifungwe nacho. Kitu cha miaka 60 kilichotengenezwa kwa mkono stadi kinaweza kukufundisha zaidi kuliko takataka ya miaka 200.

Hatua ya 1: Tazama miezi sita bila kununua

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na hasara nyingi huanzia hapo.

Makumbusho ni shule ya kwanza. Usizunguke vyumba vyote siku moja. Chagua kitu kimoja, simama mbele yake dakika 20, kisha ukichore kwenye daftari hata kama hujui kuchora. Mkono unapofuata ukingo wa mtungi, jicho linalazimika kujibu maswali ambayo kutazama tu hakuulizi: shingo inaanzia wapi, mfinyanzi alibana wapi kidole, mpini umebandikwa kabla au baada ya kupaka rangi? Usione vyaelea, vimeundwa. Na mkusanyaji ni mtu anayetaka kujua vimeundwaje.

Shule ya pili ni siku za maonyesho kabla ya mnada. Makumbusho huweka kitu nyuma ya kioo, lakini mnada hukuruhusu kukishika, kukipima uzito, kukigeuza, na mara nyingi bila kiingilio. Nenda, omba kwa adabu uoneshwe, andika makisio yako ya bei, kisha linganisha na matokeo. Ukifanya hivyo mara kumi utashangaa jinsi makisio yako yanavyoanza kukaribia. Mkono una kumbukumbu yake: ukishashika vikombe 50 vya kweli, kile cha 51 kilicho bandia utakihisi kizito mno au chepesi mno kabla hujajua kwa nini.

Hatua ya 2: Chagua njia nyembamba

Anayekusanya kila kinachompendeza hujaza nyumba na habaki na mkusanyiko. Jiwekee mpaka: kufuli na funguo, ramani za bahari, mizani na mawe yake, michoro ya ndege, vikombe visivyo na mpini, zana za seremala. Mpaka ukiwa mwembamba, ndani ya miaka mitatu utajua eneo lako kuliko wauzaji wengi, maana wao wanalazimika kujua kidogo kuhusu vingi.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Herbert na Dorothy Vogel wa New York. Herbert alikuwa mchambuzi wa barua posta, mkewe Dorothy mkutubi. Waliishi kwa mshahara wa mke, wa mume ukanunua sanaa. Kanuni zao zilikuwa mbili: wawe na uwezo wa kuilipia, na iweze kuingia kwenye nyumba yao ya chumba kimoja cha kulala. Walitembelea wasanii ambao bado hawakuwa na jina, wakaketi nao, wakauliza, wakatazama kila kitu mpaka karatasi za majaribio. Mwaka 1992 waliamua mkusanyiko wao uende National Gallery of Art mjini Washington, na mwaka 2008 ukatangazwa mpango wa kugawa kazi 2,500, yaani kazi 50 kwa makumbusho moja katika kila jimbo la Marekani. Kilichotangulia haya yote ni kanuni mbili na saa nyingi za kutazama.

Hatua ya 3: Andaa zana chache

Zana zote huingia kwenye mkoba mdogo: lenzi ya kukuza mara 10, tochi yenye mwanga mkali, utepe wa kupimia, sumaku ndogo, tochi ya miale ya urujuanimno (UV, mwanga usioonekana kwa macho ambao hufanya baadhi ya vitu ving'ae gizani), daftari na kalamu ya risasi. Kalamu ya wino iache nyumbani. Karibu na karatasi ya kale tone moja la wino ni msiba.

Hatua ya 4: Jifunze kukisoma kitu

Kila malighafi ina lugha yake. Nitagusa zile ambazo anayeanza hukutana nazo zaidi.

*Mbao.* Ubao husinyaa zaidi kwa upana, kukatisha nyuzi zake, kuliko kufuata urefu wa nyuzi, kwa hiyo meza ya duara yenye umri mkubwa si duara tena. Ipime kwa utepe pande mbili zinazokatana. Tofauti ya milimita kadhaa ni dalili njema, na duara kamilifu ni sababu ya kuuliza. Chomoa droo uangalie upande wa chini. Msumeno wa mkono huacha alama zilizonyooka zisizolingana. Msumeno wa duara, ulioenea katika karne ya 19, huacha alama za upinde. Meno ya viungo vya pembeni yaliyokatwa kwa mkono hayalingani upana, ya mashine yanalingana kabisa. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haikuenea kabla ya miaka ya 1930, hivyo ukiikuta kwenye kabati linalodaiwa kuwa la karne ya 18, ama limetengenezwa upya ama limekarabatiwa. Kisha tazama matundu ya bungua. Mdudu huyu huchimba ndani na kutokea kwa tundu la mviringo. Ukiona mifereji yake imelala wazi juu ya uso wa ubao, mbao hizo zilikatwa baada ya kuliwa: mtu amechukua mbao kuukuu akaunda nazo kitu kipya.

*Kaure na udongo.* Kibebe kwenye kiganja, ukigonge polepole kwa ukucha. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Pitisha tochi ya urujuanimno gizani. Sehemu iliyogundishwa na kupakwa upya mara nyingi hung'aa tofauti na mwili. Alama za kitako zisome kwa tahadhari. Alama ya mfalme Kangxi wa China (enzi ya 1662–1722) iliwekwa na wafinyanzi wa karne ya 19 kwenye kazi zao wenyewe, wengine kwa heshima ya mafundi waliotangulia, bila nia ya kudanganya. Kwa hiyo alama ni dai tu, na dai huthibitishwa na mwili wa chombo: uzito, rangi ya udongo pale usipopakwa, namna ukingo wa chini ulivyokatwa. Dokezo jingine linalofaa: tangu mwaka 1891 sheria ya Marekani ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe jina la nchi zilikotoka, kwa hiyo sahani yenye neno "England" kwa kawaida ni ya baada ya hapo. Ila kukosekana kwa neno hilo hakuthibitishi chochote.

*Madini ya fedha.* Uingereza ina mojawapo ya mifumo ya mihuri iliyo rahisi kusomeka duniani. Simba anayetembea huashiria fedha ya sehemu 925 katika 1,000, kichwa cha chui ni cha ofisi ya kupima madini ya London, na kuna herufi ya mwaka inayobadilika kwa mpangilio. Kijitabu kidogo cha mihuri kitakupa mwaka wenyewe. Herufi EPNS, kinyume chake, maana yake ni kwamba fedha ni utando mwembamba tu juu ya madini mengine, ufundi ulioenea baada ya 1840. Vitu hivi vinaweza kuwa vizuri sana, mradi usivinunue kwa bei ya fedha tupu.

*Chapa na michoro.* Weka lenzi. Ukiona vitone vidogo vya rangi vilivyojipanga kwa mpangilio sawa, umeshika nakala ya mashine ya uchapaji, hata kama imewekwa kwenye fremu ya dhahabu. Chapa iliyotoka kwenye bamba la shaba huwa na ukingo uliobonyea kuzunguka picha, kwa sababu bamba lilikandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu. Maandishi ya 12/50 kwa kalamu ya risasi humaanisha nakala ya 12 kati ya 50. Karatasi inayong'aa weupe wa buluu chini ya miale ya urujuanimno ina kemikali ya kung'arisha ambayo ilianza kutumika viwandani katikati ya karne ya 20. Mchoro "wa 1880" juu ya karatasi hiyo urudishe mezani.

*Picha za rangi ya mafuta.* Anzia mgongoni: turubai, misumari, fremu ya ndani, lebo, mihuri, namba zilizoandikwa kwa chaki. Kisha uso kwa mwanga wa pembeni, ambao huinua kila kibandiko na kila ufa. Chini ya urujuanimno vanishi ya kale hung'aa kijani hafifu, na marekebisho ya karibuni huonekana kama madoa meusi. Madoa kidogo si aibu. Picha ya miaka 150 imeishi. Yakifunika uso mzima wa mtu aliyechorwa, hapo unanunua kazi ya mkarabati.

Hatua ya 5: Uliza nasaba

Kitu cha kale kina nasaba kama mtu: nani alikitengeneza, kwa nani kikaenda, kikauzwa wapi, kikavuka mpaka upi. Risiti, barua, picha za zamani zinazokionesha nyumbani kwa mtu, orodha za minada, lebo za maonyesho, vyote ni sehemu ya kitu na havitupwi.

Lakini nasaba nayo hughushiwa. Wolfgang Beltracchi, Mjerumani aliyehukumiwa mwaka 2011, alichora picha akadai ni za wachoraji wa mwanzo wa karne ya 20. Yeye na mkewe Helene walitunga hadithi ya mkusanyiko wa babu, wakabandika lebo za kughushi nyuma ya picha, na Helene akavaa mavazi ya zamani akapigwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe akijifanya bibi yake, kazi bandia zikiwa zimetundikwa nyuma yake. Kilichowaangusha ni rangi. Katika picha iliyodaiwa kuwa ya Heinrich Campendonk ya mwaka 1914 ilikutwa nyeupe ya titani, ambayo wachoraji wa wakati huo hawakuwa nayo bado. Hadithi ilikuwa nzuri, karatasi zilikuwepo, na wataalamu waliamini. Chembe ya rangi ikakataa. Ndiyo maana nasaba na mwili wa kitu lazima vikubaliane. Kimoja peke yake hakitoshi.

Nasaba ina uzito mwingine, na huu naubeba moyoni kuliko ule wa bandia. Vitu vingi vya kale vilivyomo sokoni viliporwa: makaburini, kwenye mahekalu, vitani, kwa watu waliofukuzwa makwao. Shaba za Benin, yaani sanamu na mabamba ya ufalme wa Benin katika Nigeria ya leo, zilichukuliwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897 na madai yake hayajaisha hadi leo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unapinga biashara haramu ya mali za utamaduni, na makumbusho mengi hutumia mwaka huo kama mstari: kitu cha kiakiolojia kisicho na ushahidi kwamba kilitoka nchini mwake kabla ya 1970, au kilitoka baadaye kwa kibali, hawakigusi. Nawe ufanye hivyo hivyo. ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, hutoa Orodha Nyekundu za aina za vitu vinavyoporwa zaidi, na Interpol ina hifadhidata ya kazi zilizoibwa ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa simu kupitia programu ya ID-Art. Dakika kumi za kutafuta kabla ya kulipa ni adabu kwa waliopoteza.

Pembe za ndovu, magamba ya kasa na ngozi za wanyama adimu ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na kitu kuwa cha kale hakikupi ruhusa moja kwa moja ya kukivusha mpaka. Mimi sinunui kabisa.

Muuzaji akijibu swali la nasaba kwa "kimetoka kwa familia moja ya zamani" na kuishia hapo, mshukuru, uondoke.

Hatua ya 6: Nunua

Sasa mfuko. Kwenye mnada, andika kikomo chako juu ya kipeperushi kabla nyundo haijaanza, na ndani ya kikomo hicho hesabu ada ya mnunuzi, ambayo kwenye nyumba kubwa za mnada inaweza kufika robo ya bei ya nyundo (bei ya mwisho iliyotajwa mnadani) au kuzidi, pamoja na kodi na usafiri. Omba ripoti ya hali ya kitu kwa maandishi. Joto la mnada ni la kweli, linapanda kichwani. Kikomo kilichoandikwa hukurudisha chini.

Kwa muuzaji wa dukani, thamani kubwa iko kwenye uhusiano. Rudi kwake, uliza, sikiliza, nunua kidogo kidogo. Muuzaji mwema akishajua unachokitafuta atakuwekea pembeni, na atakuambia kasoro kabla hujaiona. Asiyekubali kuandika kwenye risiti kile alichokisema kwa mdomo, yaani aina, umri, malighafi na ukarabati, amekuambia anavyokiamini yeye mwenyewe.

Kazi ya msanii aliye hai inunue kwake ikiwezekana. Pata risiti yenye saini, jina la kazi, mwaka na vipimo, na umwombe akueleze kwa maneno yake namna alivyoifanya. Hiyo nasaba inaanzia kwako.

Na kitu kimoja kizuri kinashinda vitano vya wastani. Nilichelewa kuliamini hili, na rafu yangu ya chini bado inabeba ushahidi.

Hatua ya 7: Usisafishe

Katika mwaka wangu wa kwanza nilipata sarafu ya shaba yenye utando wa kahawia iliyokolea, laini kama hariri. Niliisugua kwa dawa ya kung'arishia mpaka ikawa na rangi ya bomba jipya. Nilichokitoa kilikuwa ngozi iliyochukua zaidi ya karne kujijenga, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Bado ninayo, nimeiweka mahali ninapoiona kila siku.

Sarafu usizisafishe kamwe. Samani za kale futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu na uishie hapo. Bakuli libebe kwa mikono miwili kutoka chini, usilishike kwa mpini wala kwa ukingo. Huenda mpini huo uligundishwa kabla hujazaliwa. Madini yashike kwa glavu, kwa sababu jasho la vidole huacha alama inayoota kutu. Karatasi, tofauti na wengi wanavyodhani, ni salama zaidi kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa, maana glavu hupoteza hisia na karatasi huchanika.

Adui mkubwa ni mwanga, halafu unyevu. Karatasi na vitambaa vionyeshwe kwa mwanga wa kiasi cha lux 50, mbali na dirisha, na vipumzishwe gizani kila baada ya miezi michache. Rangi iliyopauka hairudi. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 60, na zaidi ya yote usipande na kushuka ghafla, kwani mabadiliko ndiyo yanayopasua mbao na kubandua rangi. Michoro iwekwe kwenye kadi isiyo na asidi. Ukikuta unga mpya kama wa ngano chini ya matundu ya bungua, tenga kitu hicho siku hiyo hiyo. Kitambaa au kitabu chenye wadudu kinaweza kufungwa vizuri kwenye plastiki na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Picha za rangi na samani usizifanyie hivyo. Panapohitajika ukarabati, mtafute mhifadhi mwenye mafunzo, na umwombe atumie gundi na rangi zinazoweza kuondolewa baadaye.

Hatua ya 8: Andika

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitu kipewe namba, picha za pande zote pamoja na kitako au mgongo, na maelezo. Kuna kipimo cha kimataifa kiitwacho Object ID, kilichozinduliwa 1997 ili kusaidia kutambua vitu vilivyoibwa, nacho kinauliza mambo ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuyajaza: ni kitu gani, cha malighafi na ufundi gani, vipimo vyake, maandishi na alama zake, dosari zinazokitofautisha na vingine, jina lake kama kinalo, kinaonesha nini, ni cha wakati gani, na nani alikitengeneza. Ongeza tarehe ya kununua, aliyekuuzia, na bei. Hifadhi nakala nje ya nyumba.

Jioni ya kuandika ndiyo ninayoipenda kuliko siku ya mnada. Kitu kiko mezani, taa imeinamishwa, na katika kupima na kueleza unaona ambacho hukukiona ulipokilipia: alama ya kidole cha mfinyanzi, herufi mbili za kwanza za jina zilizochongwa ndani ya kifuniko na mtu ambaye hakutarajia zisomwe.

Hatua ya 9: Ishi navyo, na upange viendako

Usivipange vyote wazi kwa wakati mmoja. Onesha vichache, vilivyobaki vipumzike, na ubadilishe kila msimu. Jicho huzoea haraka, na kitu kilichofichwa miezi minne hurudi kama mgeni. Uza au ubadilishe vya wastani ili upate kilicho bora, na unapouza mwambie mnunuzi kasoro zote unazozijua.

Mwisho, zungumza na walio nyumbani kwako mapema. Mikusanyiko mingi hutawanyika kwa wiki moja kwa sababu warithi hawakujua kipi ni kipi. Waoneshe daftari lilipo. Waandikie ukurasa mmoja: vitu vitano vya thamani zaidi, mtu anayeaminika wa kuwashauri, na kama unataka baadhi viende makumbusho, andika hivyo ukiwa tayari umezungumza na makumbusho hayo na wamekubali, maana wengi hukataa wanacholetewa bila taarifa. Kisha muite mmoja wao, mdogo kabisa akipenda, umpe bakuli mikononi, umwambie aligeuze.